Safu ya Tatu

Fomu ina safu tatu:
yaliyooza, yaliyong'olewa, yaliyozibwa.
Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, jumla.

Tumetoa dawati nje, ukutani penye kivuli,
kwani jua la Bahi saa nne asubuhi
halimwonei haya mtu aliyeachama.
Mimi kioo na tochi, Damari kalamu.
Wanakuja na ndimi nyekundu za ubuyu wa getini.
"Achama."
Wanaachama kama makinda,
wanadhani kuna kitu nitawatilia.

Chiloleti: manne, moja, sifuri.
Sakalani: sita, mawili, sifuri.
Mazoya hana chonge hata moja.
Walizichokonoa kwa spoku ya baiskeli akiwa na homa,
mtoto wa miezi mitano,
wakaziita meno ya nailoni.
"Haya nayo ni yaliyong'olewa?" Damari anauliza.
Naiwazia ile spoku.
"Andika manne."

Kufikia wa thelathini hasubiri tena safu ya tatu.
Anaijaza kabla sijatamka,
sifuri zinashuka ukurasa mzima
kama mashimo wanayochimba kina mama
kwenye mchanga wa Bubu mto ukikauka,
ila haya hayana hata tope.

Nyemo, miaka tisa na nusu.
Gego la chini, lile linaloota mtoto akitimiza sita,
kimya kimya, bila kumng'oa mwenzake,
watu wakalidhania la utoto:
limebaki ganda. Ndani giza.
"Unatafunia upande gani?"
Akaonyesha kushoto. Akafikiri.
Akaonyesha koo.
"Mlenda," akasema, "hautafunwi."

Swali la kumi na nne: mzazi alifahamu?
Mama yake, Peresi, alitokea majarubani,
tope la mpunga limemkaukia hadi magotini.
Alifahamu.
Swali la kumi na tano: alichukua hatua gani?
Mara ya kwanza kiti kibovu.
Mara ya pili daktari yuko semina.
Ya tatu ganzi imekwisha, wakamwambia
ang'olewe hivyo hivyo kama wana haraka;
akamtazama mtoto, wakarudi.
Ya nne aliuza tetea apate nauli.
"Tukaambiwa ni la utoto, litang'oka lenyewe."
"Nani aliwaambia?"
Hakuharakisha kujibu. Aliitazama tochi,
akautazama mkono ulioishika.
"Siku ile foleni ilikuwa kubwa," akasema,
taratibu, kama anayemfunika mwenzake kanga.

Foleni ipi, sijui. Zote zilikuwa kubwa.
Yeye simkumbuki, wala mtoto.
Ninachokijua ni sauti yangu inavyolitamka neno hilo,
lenyewe, lenyewe,
kinywa cha mgonjwa bado kimefumbwa,
jicho langu liko kwa anayefuata mlangoni.

Swali la kumi na sita lina visanduku:
umbali, gharama, imani, uzembe wa mzazi.
Kalamu ya Damari ilishasogea kwenye cha mwisho,
kwa mazoea, si kwa ubaya.
"Hapo acha," nikasema.
"Mratibu hataki fomu yenye mapengo."
"Acha pengo."

Watoto mia na kumi na wawili.
Safu ya tatu tulihesabu mara mbili,
kana kwamba sifuri huweza kupungua.

Garini, tulipoikamata lami,
ulimi wangu ukaenda wenyewe nyuma, kulia,
kwenye gego nililozibiwa bure nikiwa chuoni,
wenzangu wakijifunzia kinywani mwangu.
Bado gumu. Bado linatafuna.
Njia nzima, hadi tukaipita Kigwe,
nilishindwa kuutoa pale.